UZI: Nimetoka SEMA, Las Vegas. Magari ya porini nimeyakagua kwa kupiga goti

Fundi Ekseli (mwenye uzi)

Wakuu, habari za jioni. Niliahidi kuleta mrejesho wa SEMA, maonyesho ya vifaa na magari yaliyoboreshwa, nikarudi nikakuta magari matano yananingoja kwenye jeki. Leo nimepata nafasi, kaeni mkao wa kula.

Kwa wageni wa jukwaa: mimi ni fundi wa springi na ekseli. Kazi nilijifunzia Unga Limited, Arusha, kwa mzee mmoja aliyekuwa anarefusha chesesi (fremu ya chini) za Land Cruiser kwa ajili ya watalii. Sasa niko Phoenix, Arizona, kwenye gereji ya magari ya porini. Kutoka hapa hadi Las Vegas ni kama kilomita 480, unatoka alfajiri, saa nne asubuhi unaingia. Nimekwenda mwaka 2023 na nimerudi tena 2024, kwa hiyo nitachanganya ya miaka yote miwili.

SEMA ni maonyesho ya watu wa biashara. Unaingia kwa sababu una gereji, duka la vifaa au kiwanda, na huwa siku nne, Jumanne hadi Ijumaa, mwanzoni mwa Novemba. Chama kinachoyaandaa, chenye jina hilohilo, kilianza 1963, kikiwa cha watengenezaji wa vifaa vya magari ya kasi. Maonyesho ya kwanza yalifanyika 1967 kwenye uwanja wa besiboli wa Dodger Stadium, Los Angeles, na 1977 yakahamia Las Vegas. Mwaka huohuo wa 1967 ndipo mbio za jangwani za Baja 1000 zilipoanza kule Meksiko, na hadi leo utaona kwenye SEMA magari ambayo asili ya umbo lake ni mbio hizo.

Ukumbi wangu ni ule wa magharibi, uliofunguliwa 2021. Humo ndimo kuna pickup, jipu na kila chenye difu mbili. Taa kali, rangi zinameta, watu wanapiga picha sura ya gari na kuondoka. Mimi huwa naweka begi chini, napiga goti, nawasha tochi ya simu, naangalia tumbo. Gari la porini ni chini. Juu ni rangi tu na mapenzi ya mtu.

Nianze na lililonishika zaidi.

Fundi Ekseli

Mwaka 2023 Toyota walileta gari waliloliita FJ Bruiser. Walichukua pickup ya Land Cruiser FJ45 ya mwaka 1966, ile ambayo wazee wetu waliiona misheni na kwenye mashamba ya kahawa. Ukiitazama sura ya mbele unaweza kudhani imeegeshwa Karatu enzi hizo, taa mbili za duara, bodi imenyooka kama kabati. Kisha unainama.

Injini ni V8 ya lita 5.9 ya magari ya mbio za NASCAR, nguvu za farasi 725. Tairi ni za inchi 42. Weka tairi ya inchi 42 wima kando ya meza ya chakula, inaizidi meza kwa kama futi moja. Ekseli zimeshikwa kwa mikono mirefu ya chuma badala ya springi za bapa, mitatu mbele na minne nyuma, ili gurudumu moja liweze kupanda jiwe na lingine libaki limegusa chini.

Sasa kilichonifanya nikae chini kabisa kwenye zulia. Katikati ya tumbo, penye bamba la kulinda gia boksi, wameweka mkanda unaozunguka kama mnyororo wa kifaru cha vita. Gari likipanda jiwe likakalia tumbo, magurudumu yote manne yanaelea, dereva anabonyeza swichi, mkanda unazunguka na kulisukuma gari hadi tairi zishike tena. Aliyewahi kulikalisha gari tumbo kwenye tuta la katikati ya barabara ya mfinyanzi anajua maana yake. Ni jembe, jeki na masaa matatu. Wale jamaa wamekaa wakaliwaza tatizo hilohilo na wakalitafutia jibu. Nililipenda sana lile gari.

Kijana wa Sinza

Mkuu uzi mzito huu. Swali: hayo magari yanatembea kweli au ni ya maonyesho tu? Nimesikia mengine yanasukumwa kwa mikono kuingia ukumbini.

Fundi Ekseli

@Kijana wa Sinza umesikia sahihi, na ni jambo linaloniuma.

Kwanza fahamu kwamba ndani ya ukumbi hakuna gari linalowashwa ovyo. Kwa usalama wa moto mafuta yanaachwa kidogo kwenye tangi na betri inatolewa waya. Kwa hiyo anayeangalia kwa juu hawezi kutofautisha gari lililovuka jangwa na gari lililomaliziwa saa nane usiku ndani ya trela. Pili, magari mengi yanajengwa kwa vifaa vya kupewa. Kampuni ya taa imetoa taa, ya rimu imetoa rimu, ya hema imetoa hema, na kila mmoja anataka chake kionekane. Matokeo yake gari linabeba kila kitu kilichopo sokoni.

Niliona pickup moja, mwenyewe simtaji, imenyanyuliwa kiasi kwamba mtoto wa darasa la pili angepita chini bila kuinama. Mikono ya ekseli imepakwa rangi ya dhahabu. Nikamulika hosi ya breki ya mbele: imevutika, imenyooka kama waya wa kuanikia nguo, na hapo gari limesimama kwenye sakafu tambarare! Gurudumu lile likishuka kwenye shimo, hosi inang'oka. Propela shafti nayo imelala pembe kali mno, jointi zake zingeanza kugonga kabla hujamaliza mtaa.

Hatua ishirini mbele nikakuta Jeep ya kijivu, haina mtu. Nikainama. Kila nati ya mikono ya ekseli ina mstari wa rangi nyeupe unaounganisha nati na chuma, ili fundi akichungulia aone kama imelegea. Hosi za breki zina mkunjo wa akiba. Bamba la tumbo limechubuka, chuma kinaonekana, na kwenye kona ya bushi moja kuna tope kavu ambalo maji ya kuosha hayakufika. Nilimsubiri mwenye gari kama nusu saa ili nimpe mkono.

Mvumbi wa Rift

Kaka, salamu kutoka Nakuru. Hiyo Jeep ya kijivu ingetufaa huku kwenye Rhino Charge, mashindano yetu ya porini. Sisi kila mwaka tunajenga magari ya aina hiyo, masaa kumi, vituo kumi na vitatu, na anayeshinda ni yule aliyevifikia kwa umbali mfupi zaidi. Hakuna barabara, unakata korongo moja kwa moja. Tangu 1989 pesa za mchango zinakwenda kuhifadhi misitu, ndizo zilizosaidia kujenga ule ua wa Aberdare wa kilomita karibu 400. Ninachotaka kujua ni tairi. Vijana wetu wanataka kuruka kutoka inchi 31 hadi 37 kwa sababu wameona picha za SEMA. Unasemaje?

Fundi Ekseli

@Mvumbi wa Rift heshima kwenu, Rhino Charge ingekuwa mtihani mzuri wa kuchuja nusu ya ule ukumbi.

Tairi za 37 waambie hivi. Gawa 37 kwa 31, unapata 1.19. Maana yake kila mzunguko wa gurudumu unakwenda mbali zaidi kwa asilimia 19, na injini inahisi kama umeipandishia gia ambayo hukuiomba. Dashibodi ikisema 100, wewe uko 119. Kama difu lako lilikuwa la uwiano wa gia wa 4.10, ili urudi ulipokuwa unahitaji karibu 4.88, na ubadilishe mbele na nyuma kwa pamoja. Ukibadilisha moja ukaingiza difu ya mbele kwenye ardhi kavu, kitu kitavunjika ndani ya dakika chache.

Halafu uzito. Tairi moja ya 37 peke yake inapita kilo 30, bila rimu. Uzito ule uko chini ya springi, shokapu inapambana nao kwa kila jiwe, na breki inaubeba kwenye kila mteremko. Kwenye SEMA magari yaliyojengwa kwa akili ukikuta tairi ya 37 au 40 utakuta pia diski kubwa za breki, hafu shafti nene na usukani ulioongezewa nguvu ya haidroliki. Picha haionyeshi vitu hivyo, inaonyesha tairi.

Rimu nyingi za kule zina pete ya nje inayofungwa kwa bolti nyingi kukamata ukingo wa tairi, ili ukishusha upepo hadi PSI 8 au 10 tairi isitoke kwenye rimu. Kwa Rhino Charge hiyo ni pesa iliyotumika vizuri. Kwa mtu wa Nairobi kwenda Nanyuki ni bolti za kukaza kila wiki bila sababu.

Dada wa Prado

Kaka Fundi, shikamoo ya uzi. Mimi nina Prado, nataka kwenda na watoto Ruaha mwezi ujao. Nimepata mtu ananiuzia hema la juu ya paa, keria ya chuma, bampa la chuma lenye winchi, na anataka kuninyanyulia gari inchi tatu kwa kuweka vipande juu ya springi. Nimeona magari ya SEMA yote yana hivyo vitu. Nichukue?

Fundi Ekseli

Marahaba dada. Usitoe hela kwanza, tupige hesabu.

Hema kilo 70. Keria ya chuma kilo 40. Bampa kilo 60. Winchi na waya wake 35. Friji na droo zake 80. Maji lita 60, kilo 60. Watu wazima wawili na watoto wawili, 200. Hapo ni kilo 545, na hujaweka unga, mafuta ya akiba, nguo wala jeki. Kuna kibati mlangoni au chini ya boneti kinachosema uzito wa juu wa gari likiwa na kila kitu. Tafuta mizani ya malori, ile ya maghala ya mahindi watakupimia kwa hela kidogo, uone uko wapi kabla ya safari.

Kuhusu kunyanyua: Prado mbele haina ekseli nzima, kila gurudumu linajitegemea, na nguvu inafika kwa sivi jointi, kiungo cha shafti kinachopinda huku kikizunguka, kilichofunikwa kwa raba yenye grisi ndani. Ukinyanyua inchi tatu kwa vipande, sivi jointi inafanya kazi ikiwa imepinda muda wote, raba inasuguana, inachanika, vumbi linaingia kwenye grisi. Kule SEMA wanaonyanyua sana magari ya aina hii wanaanza kutumia boksi la gia kwenye kila kitovu cha gurudumu, ufundi ule wa Unimog za Mercedes. Shafti inaingia juu ya kitovu, gia ndani ya boksi zinashusha nguvu chini kwenye gurudumu, gari linapanda na shafti inabaki imenyooka. Kizuri sana, na bei yake inanunua gari lingine. Wewe inchi moja na nusu inakutosha, kwa springi halisi na shokapu zinazolingana nazo. Vipande achana navyo.

Na uzito wa paa ndio mbaya kuliko wote, kwa sababu unakaa juu. Kwenye kona ya changarawe gari linajua.

Mzee Difu

Vijana, nawasoma. Fundi, umetaja kurefusha chesesi. Huko Marekani wanarefusha vipi? Huku bado naona watu wanakata wima na kuchomelea, halafu gari linapasuka njia ya Ngorongoro.

Fundi Ekseli

Shikamoo mzee. Hili ni la moyoni.

Nikiwa na miaka ishirini na moja gari nililochomelea kwa mkono wangu lilipasuka chesesi likiwa na wageni sita. Hakuna aliyeumia, dereva alisikia mlango unagoma kufunga akasimama. Nilikwenda na mtungi wa gesi na mashine, nikalala chini ya lile gari nikiangalia ufa. Ulikuwa umeanzia pembeni kabisa mwa weldi yangu, ukapanda wima kama mtu aliyekata kwa msumeno. Weldi yenyewe ilikuwa nzima! Chuma kilichokuwa jirani yake ndicho kilichokatika, kwa sababu joto lilikuwa limekidhoofisha kwenye mstari mmoja ulionyooka, na kila shimo la barabara likawa linakunja palepale.

Kwenye SEMA nilitafuta makusudi magari yaliyorefushwa. Wazuri wanakata kwa mshazari au kwa ngazi ili kiungo kisiwe mahali pamoja juu na chini. Ndani wanaweka kipande cha chuma cha kuimarisha, nje wanaweka bamba lenye ncha mbele na nyuma kama umbo la samaki, ili nguvu ihame polepole kutoka chuma kinene kwenda chembamba. Na bamba hilo hawalichomelei kukatiza ukingo wa juu wala wa chini wa chesesi, kwa maana hapo ndipo mvutano ulipo mkubwa. Mzee wangu wa Unga Limited alianza kufanya hivi baada ya lile gari langu, na hakuna lililorudi. Kwa hiyo waambie wasione aibu kujifunza. Mimi nilijifunza kwa hofu.

Kijana wa Sinza

Mkuu na mkonga je? Kuna mkonga wowote ulionekana huko?

Fundi Ekseli

Nilijua utauliza. Ulikuwepo, na nilikaa nao muda mrefu.

Mkonga, yaani Land Cruiser 70, ile iliyotoka 1984 na ambayo kwetu ni gari la wagonjwa, la polisi, la misheni na la mbao, Marekani haijawahi kuuzwa mpya. Sheria yao inataka gari la nje lisilotengenezwa kwa viwango vyao liwe limefikisha miaka 25 ndipo liingie. Kwa hiyo wanaagiza ya miaka ya themanini na tisini, usukani kulia, na wanaitunza kama mgeni wa heshima. Niliyoiona ni ya milango ya nyuma miwili, rangi ya maziwa. Watu wamepanga foleni kupiga nayo picha. Kuna gari la mamilioni pembeni yake halina mtu.

Mzee mmoja wa Kimarekani aliniona nimeinama muda mrefu akaniuliza kama nalijua. Nikamwambia nimelilalia chini tangu nina miaka kumi na sita. Akaita wenzake. Nikawaonyesha pini za springi za nyuma, kwa nini zinahitaji grisi na kwa nini kwetu tunaongeza bapa moja likiwa la kubeba wagonjwa, kisha tunajuta likiwa tupu kwa sababu linaruka. Walinisikiliza kama nusu saa, mmoja anaandika kwenye karatasi. Kwenye ule ukumbi mzima hapo ndipo nilipojisikia nyumbani.

Kwa wapenzi wa Surf, ambayo Marekani huitwa 4Runner: mwaka 2024 Toyota walileta 4Runner waliyoiita TRD Surf, yenye paa la kung'oka kama ile ya kwanza ya miaka ya themanini, na Land Cruiser iliyofunguliwa paa, waliyoiita ROX. Nzuri kwa macho. Sikupata cha kusema chini yake.

Mvumbi wa Rift

Na lile shindano la SEMA la wajenzi wa magari?

Fundi Ekseli

Lipo tangu 2014, na magari ya porini yana kundi lake. Majaji ni watu wanaojua kazi. Ila napenda zaidi Ijumaa jioni, maonyesho yakifungwa, magari yanapotoka nje kwa gwaride. Hapo yanayowaka yanajulikana kwa sauti.

Dada wa Prado

Kaka Fundi, nimerudi. Nilikwenda mizani ya mahindi jana, gari limejaa kama la safari. Nimezidi kibati kwa kilo 110. Nimeacha bampa na winchi, keria ya chuma nimemrudishia mwenyewe, hema tutalala chini la kawaida. Nimepima tena leo, niko chini ya kibati kwa kilo 60. Naondoka Jumamosi saa kumi na moja alfajiri.

Fundi Ekseli

Hongera sana dada. Kabla ya kuondoka geuza usukani wote kushoto, chuchumaa, angalia raba ya sivi jointi ya kulia kwa ndani. Kisha upande wa pili. Ukiona grisi imetapakaa kwenye rimu, nipigie picha uniwekee hapa, nitakuwa macho.

Dada wa Prado

Kulia safi. Kushoto kuna mstari mweusi mdogo kwenye mkunjo wa pili, haujatoa grisi. Nimeweka picha.

Fundi Ekseli

Nimeiona. Badilisha raba kesho, Ijumaa usilale nayo.